"Wingu" la mfumo wa duka si bakapu

Uliza kwenye duka la pembejeo au la vifaa vya ujenzi, iwe Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, hesabu zinatunzwaje. Jibu siku hizi ni moja: "Zipo kwenye wingu, haziwezi kupotea." Ukiomba kuoneshwa, unaoneshwa kompyuta moja juu ya kaunta, programu iliyosakinishwa humo kwa flashi, na faili ambalo linapelekwa Google Drive, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni, kila jioni. Ni utaratibu mzuri kuliko kutokuwa na kitu. Lakini huo si mfumo wa wingu, na siku kompyuta ikimwagikiwa chai mauzo ya tangu asubuhi yanakwenda nayo.

Mfumo wa wingu ni programu inayofanya kazi kwenye seva, yaani kompyuta za kuhudumia wengine, za mtu mwingine. Wewe unaifikia kwa intaneti, kwa kivinjari (kama Chrome) au kwa simu, ukitumia jina na neno la siri, na kwa kawaida unalipia kwa mwezi kama king'amuzi. Muuzaji akigonga "uza", rekodi inaandikwa huko huko kwenye seva, na kompyuta ya dukani inabaki kuwa dirisha tu. Maana imeishia hapo.

Kinachowapoteza watu ni neno lenyewe. Kiswahili kina wingu, ambalo wingi wake ni mawingu, na kina uwingu, neno ambalo siku hizi halisikiki sana, ambalo wingi wake ni mbingu. Yanakaribiana mno masikioni. Ndiyo maana mtu akiambiwa hesabu zake zipo kwenye wingu hutazama juu: anafikiria setilaiti, au mahali palipoinuka pasipofika mchwa wala mwizi.

Waliolianzisha hawakuwa na mbingu akilini. Wahandisi wa simu na mitandao walikuwa na desturi, tangu miaka ya 1970, ya kuchora mashine zao kwa visanduku na nyaya kwa mistari. Ile sehemu ya katikati, yenye mitambo isiyo yao, waliizungushia mstari wa mawimbi mawimbi kama wingu. Maana yake: humu ndani kuna mambo mengi, ila kwa mchoro huu hayakuhusu. Mwaka 1996 neno likaonekana kwenye nyaraka za ndani za kampuni ya kompyuta ya Compaq. Agosti 2006 Amazon wakaanza kukodisha kompyuta zao kwa saa, huduma wakaipa jina la Elastic Compute Cloud, na alama ya ubaoni ikawa bidhaa yenye bei. Kwa asili yake, basi, wingu ni sehemu usiyoiona. Hakuna mahali lilipoahidi usalama.

Na lipo ardhini. Seva ni vyuma vilivyopangwa kwenye majengo. Amazon wana kituo Cape Town tangu 2020, na mifumo mingine ipo Ulaya. Njia ya kufika huko inapita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Anga ilikuwa haina kosa.

Sasa tuje kwenye mchanganyo unaogharimu pesa: kusawazisha, yaani kufanya pande mbili zifanane muda wote, na bakapu, yaani nakala ya akiba inayowekwa pembeni. Folda ya kompyuta iliyounganishwa na Drive ni kioo. Ukinyoa huku, na kule kumenyolewa. Tuseme karani amefuta faili la madeni kwa bahati mbaya mwezi Juni. Kufutwa huko kunasawazishwa ndani ya muda mfupi, faili linahamia pipa la taka la Drive, na baada ya siku 30 linaondolewa bila mtu kuulizwa. Madeni ya dukani huku kusini hayadaiwi Juni. Yanadaiwa pesa ya korosho ikianza kutoka, mwisho wa mwaka, wakati pipa limeshamwagwa zamani.

Kuna na hili: programu nyingi za hesabu za kusakinisha hushikilia faili lake wazi muda wote zinapotumika. Ukiliweka kwenye folda inayojisawazisha, Drive inaweza kuchukua nusu ya zamani na nusu ya sasa, na faili likifika kule halifunguki. Au unaanza kuona mafaili mawili yenye jina moja, hujui la kweli lipi. Dawa yake ni kutumia amri ya bakapu iliyomo ndani ya programu yenyewe, kuifunga programu, kuipa nakala jina lenye tarehe, ndipo uipakie. Za nyuma usizifute hadi stoo ihesabiwe na ilingane.

Wengine huiita EFD, mashine ya risiti za kodi, wingu, kwa sababu inatuma kitu mtandaoni. Inatuma kweli, lakini taarifa za risiti zinakwenda TRA, mamlaka ya mapato. Huwezi kufungua huko ukaona umebakiwa na mifuko mingapi ya saruji.

Mfumo wa wingu wa kweli nao una yake. Baadhi huendelea kuuza intaneti ikikatika, mauzo yakisubiri ndani ya kivinjari. Kaunta mbili zinaweza kuuza mfuko uleule wa mwisho, stoo ikasoma hasi moja. Hilo linarekebishika. Baya zaidi ni pale mtu anapoona kompyuta nzito akafuta data za kivinjari kabla mtandao haujarudi: mauzo ya asubuhi nzima yamekwisha, kwa kuwa hayakuwahi kufika kwenye seva. Tazama kwanza idadi ya mauzo yanayosubiri. Isome sifuri ndipo uguse kingine.

Akaunti nayo ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara na laini ya mwenye duka. Ikiwa kwa barua pepe ya kijana wa kaunta, siku akiondoka ameondoka na funguo. Kila mwisho wa mwezi pakua orodha ya bidhaa, mauzo na madeni kama jedwali, uweke kwenye flashi isiyokaa dukani. Ulipaji ukipita tarehe mfumo unaweza kufungwa, na huo si wakati wa kuanza kutafuta nani anakudai na nani unamdai.

Kama hujui mfumo wako ni upi, zima kompyuta ya dukani. Chukua simu ya jirani, tumia bando lake, ingia kwa jina lako. Ukiona mauzo ya dakika tano zilizopita, ni wa wingu. Ukiona faili la jana jioni, hiyo ni nakala.

Anayepakia faili kila jioni asiache. Aseme tu "nina nakala Drive", tutaelewana. Naye mwenye mfumo wa wingu, akiulizwa bakapu yake iko wapi, ajibu kwa neno jingine tofauti na "wingu".