Kelele za baharini na namna ya kuzidhibiti

Piga mbizi wakati boti inapita karibu. Utaisikia mashine kana kwamba imo kichwani mwako, na hutajua inatokea upande gani. Majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, tena hufika mbali. Nyangumi na pomboo huitana, hutafuta chakula na hujua njia kwa masikio, maana kule chini macho hayafiki mbali. Tunaposema kelele za baharini, tunamaanisha sauti za shughuli za binadamu zinazowafunika viumbe hao masikio.

Kelele ya kila siku ni ya meli. Propela ikizunguka kwa kasi hutoa viputo, na kupasuka kwake ndiko kunakonguruma. Kuna pia mizinga ya hewa ya kutafutia mafuta na gesi, sonari za kijeshi (mitambo inayotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake), nyundo za kupigilia nguzo baharini na, huku kwetu, baruti za wavuvi haramu.

Uchafu huu una jambo moja la ajabu: ukizima mashine, umekwisha. Plastiki haina huruma hiyo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari za meli zilipungua katika Ghuba ya Fundy, Kanada, na kelele za mvumo mzito zikashuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Watafiti walikuwa wakiokota kinyesi cha nyangumi (huelea, na kinanuka kiasi kwamba baadaye mbwa walifunzwa kukitafuta wakiwa kwenye boti). Walipokipima, homoni za msongo zilikuwa zimeshuka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012.

Kwa hiyo kudhibiti si lazima kuwe kupiga marufuku, ingawa wakati mwingine ndiyo dawa. Mwaka 2002 nyangumi wenye midomo mirefu walikwama ufukweni Visiwa vya Canary wakati wa mazoezi ya kijeshi. Mwaka 2004 Hispania ikazuia sonari za kijeshi kuzunguka visiwa hivyo, na kwa miaka iliyofuata hawakuonekana tena wakikwama kwa makundi. Ujerumani yenyewe imeweka kikomo: mita 750 kutoka nguzo inapopigiliwa, pigo moja lisizidi desibeli 160. Wajenzi huzungushia eneo bomba lenye matundu linalopuliza hewa kutoka sakafu ya bahari, na pazia la mapovu humeza sehemu ya kishindo. (Desibeli za majini hazilingani na za hewani, usizifananishe na za spika ya harusini.)

Njia rahisi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kupunguza mwendo. Mwaka 2017, karibu na Vancouver, Kanada, meli ziliombwa zipite Mlangobahari wa Haro kwa noti 11, kama kilomita 20 kwa saa, na kelele zikapungua. Ziliombwa tu. Hata miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu meli tulivu, ya mwaka 2014 na iliyorekebishwa 2023, ni ya hiari.