Achari na Chatne za Kuweka: Tunayoyaamini na Ukweli Wake

Kabla ya Ramadhani nyumba nyingi za Unguja na Pemba huweka chatne ya ukwaju ya kulia bajia na katlesi, na maembe mabichi yakishuka bei huwekwa achari ya pilau ya kufikisha msimu mwengine. Kazi hii tumefundishwa na mama na bibi zetu, na mengi waliyotufundisha ni sahihi: chupa iwe kavu, kijiko kikavu, mkono usiingie. Lakini pamoja na hayo yamo maneno tuliyoyapokea bila kuyauliza, na mawili matatu kati yake yanaweza kumuua mtu. Siku hizi chupa haziishii jikoni kwa mwenyewe. Zinauzwa, zinapelekwa Dar es Salaam na Maskati kwa ndugu, zinafunguliwa na mtu asiyejua zilipikwaje. Ndiyo maana naona tuyaseme wazi.

Dhana: Jua ndilo linalohifadhi achari

Chupa ya ndimu huanikwa juani siku kadhaa, na wengi huamini kuwa jua limeua kila kidudu kilichomo. Sivyo. Kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayoua vijidudu, na joto la juani halifiki hata karibu na la maji yanayochemka. Jua linalainisha maganda na kuisaidia chumvi ipenye upesi, na hiyo ni kazi kubwa, wala sisemi tuache kuanika. Ila anayelinda chupa ni ukali wa ndimu akishirikiana na chumvi.

Ukali huo, yaani uchachu, si ukali wa pilipili, unapimika. Kipimo chake ni pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Namba ya kuikumbuka ni 4.6. Chakula kikiwa chini ya hapo, bakteria aitwaye Clostridium botulinum hawezi kuota wala kutoa sumu yake, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Ndimu na ukwaju ziko baina ya 2 na 3, na mbirimbi nazo ni kali vivyo hivyo. Embe bichi liko chini ya mstari huo wa 4.6 bila wasiwasi. Embe boribo lililoiva likawa tamu tupu ni habari nyengine, linaweza kuukaribia mstari au kuuvuka, na nyanya iliyoiva sana ni hivyo hivyo. Papai bivu liko juu kabisa, baina ya 5 na 6. Basi anayetaka kuweka chatne ya papai au ya embe bivu hana budi kuitia ndimu au siki ya kutosha, si ya kuonjea tu. Siki yenyewe iwe ya dukani iliyoandikwa asidi asilimia 5, kwa sababu siki ya kutengeneza nyumbani nguvu yake haijulikani.

Na karoti tunazochanganya kwenye achari? Hazina ukali wake wenyewe. Zikatwe nyembamba ili siki iingie mpaka ndani.

Dhana: Mafuta yakifunika juu, hakiharibiki kitu

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mafuta yanazuia hewa, na ukungu hauoti pasipo hewa, kwa hiyo chupa huonekana safi miezi na miezi. Lakini Clostridium botulinum ana tabia ya kinyume: anaota pale pasipo na hewa. Kitunguu thomu kimetoka ardhini, na mbegu za bakteria huyu zimo udongoni. Ukikitwanga na pilipili, usikitie ndimu wala siki, ukakizamisha kwenye mafuta na kukiacha rafuni, umempa kila anachokitaka.

Hilo si la kubuni. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kitunguu thomu kilichowekwa kwenye mafuta ya soya bila ya kuwekwa baridini.

Wako watakaosema kwamba wao hukichemsha kwanza. Kuchemsha kunaua bakteria wenyewe, lakini mbegu zake zinastahimili nyuzi 100 za Selsiasi, joto la maji yanayochemka. Kuziua kunahitaji nyuzi 121, joto lisilopatikana ila kwa sufuria ya presha. Kwa hiyo pilipili na thomu za mafuta zitengenezwe kidogo, zikae kwenye friji, ziishe ndani ya siku chache. Achari ya embe bichi au ndimu yenye mafuta haina shida hiyo, kwa kuwa ukali umo tayari kabla mafuta hayajamiminwa.

Dhana: Ikiharibika nitaijua kwa harufu

Sumu ninayoisema haina harufu wala ladha. Kuonja kwa ncha ya ulimi ili kuhakikisha ndiko hatari yenyewe, kwani kiasi kidogo mno kinatosha kudhuru. Chupa iliyovimba kifuniko, au iliyofoka povu ilipofunguliwa ilhali haikuwa ya kuchachushwa, itupwe bila kuonjwa, mahali ambapo kuku na paka hawafiki. Na mtu aliyekula kitu cha chupa, kisha mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36 akaanza kuona viwili viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito na kumeza kukamshinda, apelekwe hospitali saa ile ile, na madaktari waelezwe alichokula.

Ukungu nao tunaudharau. Tunaukwangua juu na kuendelea kula chini, ilhali nyuzi zake huteremka mahali jicho halifiki, na baadhi ya aina za ukungu hupunguza ukali wa chakula, ule ule tuliokuwa tukiutegemea. Najua inauma kumwaga chupa nzima ya ukwaju uliokamuliwa kwa jasho. Imwagwe.

Ya sukari, karafuu na sufuria

Sukari guru kwenye chatne ya ukwaju ni tamu na ina rangi nzuri, lakini mwenye kisukari asidanganywe kwamba ni dawa au haina madhara. Ni sukari, na inapandisha sukari ya damu. Karafuu ina mafuta yenye uwezo wa kuzuia vijidudu, ila si kwa chembe tano ndani ya chupa. Tutie kwa ladha. Na sufuria ya aluminiamu haifai kupikia ukwaju wala mbirimbi: ukali huila sufuria, chatne ikatoka na ladha ya bati.

Dhana: Pindua chupa ya moto, itajifunga yenyewe

Kupindua kunaweza kukivuta kifuniko, lakini mfungo wake ni dhaifu. Njia ya kutegemewa haina ugumu. Chupa za kioo zichemshwe dakika 10, zijazwe chatne ikiwa ya moto, iachwe nafasi ya nusu sentimita juu, midomo ipanguswe na vifuniko vifungwe. Kisha zipangwe kwenye sufuria yenye kitambaa chini, maji yazifunike kwa sentimita mbili au tatu, yachemke dakika 10. Visiwa vyetu viko karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo hatuhitaji kuongeza muda kama watu wa milimani. Zikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko: kikilia tak, hakikushika. Chupa za plastiki za maji hulegea kwa moto, hazifai kabisa.

Dhana: Friji inatosha

Inasaidia, umeme ukiwepo. Baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa takribani miezi mitatu bila umeme wa gridi, na friji zikawa makabati. Chatne ya ukwaju yenye chumvi na sukari ya kutosha huhimili kukatika kwa saa kadhaa. Chatne ya nazi haihimili. Nazi haina ukali, ina mafuta na maji, na kuikamulia ndimu moja hakuigeuzi kuwa achari. Isagwe ya kuliwa siku hiyo. Ikibaki, igandishwe mapema kwenye vikombe vidogo vidogo, na kikombe kilichoyeyuka kisirudishwe kwenye friza.