Mamajusi Hawakuwa Wafalme

Kila Desemba nawafundisha watoto wa kanisani igizo la Krismasi, na kila Desemba mzazi mmoja ananiletea taji tatu za karatasi ya dhahabu. "Mwalimu, hizi za wale wafalme." Nimechoka. Wafalme gani?

Fungueni Mathayo 2, msome kwa sauti mstari wa 1 mpaka wa 12 kabla ya kushika mkasi. Wanaoitwa wafalme humo ni wawili tu: Herode, na mtoto anayetafutwa. Wageni waliotoka mashariki kumsujudia mtoto Yesu wanaitwa mamajusi. Neno hilo limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Uajemi. Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anawataja kuwa moja ya makabila sita ya Wamedi, watu wa kale waliokuwa jirani za Waajemi. Waajemi hawakutoa sadaka bila majusi kuwapo, na ndoto walipewa wao wazifasiri. Sasa someni tena mstari wa 12: walionywa katika ndoto wasimrudie Herode. Mathayo alijua anaandika habari za watu gani.

Ufalme waliongezewa baadaye, watu walipounganisha habari hii na Zaburi 72 na Isaya 60, penye wafalme na zawadi. Mathayo, anayependa kunukuu manabii, hakuyagusa maandiko hayo hapa. Ukiwavika taji unaiua habari yenyewe: mfalme wa ikulu anafadhaika, makuhani wa dini ya kigeni wanasujudu.

Wala msikimbilie kusema ni wachawi. Kigiriki kinamwita Elima, yule mchawi wa Matendo 13, kwa neno hilohilo, lakini yeye alipinga Injili. Hawa waliifuata nyota.

Watatu? Zawadi ndizo tatu. Kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Roma kuna picha yenye mamajusi wawili na nyingine wanne. Wakristo wa Syria walihesabu 12. Majina ya Gaspari, Melkiori na Baltazari hayamo katika Injili.

Na hori ni ya Luka, pamoja na wachungaji. Mamajusi waliingia nyumbani, na Herode aliua watoto wa miaka miwili kwenda chini. Kwa hiyo kwetu wachungaji wakitoka, pazia linafungwa, hori linaondolewa, na Mariamu anarudi amempakata mtoto aliyekwisha kujua kukaa. Taji moja namvika Herode. Mbili narudisha.