Mihuri mitatu kwenye droo: dhana potofu kuhusu kufundisha maadili ya biashara

Wiki iliyopita nilikuwa na kundi la mameneja na wahasibu kwenye kozi fupi hapa Mbeya. Sijafungua hata ukurasa wa kwanza, mzee mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Maadili hayafundishwi ukubwani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Somo hili nimelifundisha miaka kumi na minne, asubuhi kwa wanafunzi wa uongozi wa biashara na jioni kwa watu wa kazini. Kauli hiyo nimeshaisikia Uyole, Iringa mjini na Njombe, kwa wazazi, kwa wakuu wa idara, hata kwa walimu wenzangu wanaotaka vipindi vyangu vihamishiwe somo la takwimu. Imenichosha, na safari hii naijibu kwa maandishi.

"Maadili ni malezi ya nyumbani, chuoni mnapoteza muda"

Malezi yana nafasi yake, sibishani. Ninachokataa ni kudhani kwamba aliyelelewa vizuri anajua tayari la kufanya siku afisa ugavi anapomwita ofisini na kufunga mlango.

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alienda fildi kwenye taasisi moja. Mtoto wa katekista, mpole, hajawahi kuniletea kazi ya kunakili. Siku ya tatu akatumwa alete profoma tatu za karatasi na wino, yaani hati za bei kutoka maduka matatu tofauti ili zilinganishwe kabla ya kununua. Alipofika dukani Mwanjelwa, mwenye duka alivuta droo akatoa mihuri mitatu ya maduka matatu na vitabu vitatu vya profoma. Akaandika bei yake kwenye cha kwanza, akaipandisha kidogo kwenye cha pili, akaipandisha tena kwenye cha tatu, huku akibadili kalamu ili maandishi yasifanane. Akagonga mihuri. Ndani ya dakika kumi kijana alikuwa njiani kurudi ofisini na bahasha mkononi.

Alinisimulia nilipokwenda kumkagua. Nikamuuliza kama aliona kosa lolote. Akasema, "Niliona kama kuna kitu, mwalimu, ila kila mtu pale alikuwa ametulia tu. Halafu sikujua niseme nini."

Maneno hayo mawili ndiyo somo langu lote. Katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia wa Marekani James Rest alieleza kwamba kutenda jema kunadai mambo manne: kuliona suala kuwa ni la kimaadili, kupima lipi ni sahihi, kulitanguliza lililo sahihi mbele ya maslahi mengine, na kuwa na uthabiti wa kulitekeleza. Baba wa yule kijana, mzee katekista, alimpa la pili, na pengine la tatu. La kwanza hakuweza kumpa, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyewahi kueleza bei hushindanishwa kwa nini. Zikitoka profoma tatu kwenye droo moja, mwenye duka amejipangia bei mwenyewe, taasisi inalipa zaidi, na wenye maduka ya jirani wanaolipa kodi ya fremu kama yeye hawakupewa hata nafasi ya kuulizwa. Hilo linafundishwa. La nne lilimkwama kwenye ulimi, nalo linafundishwa.

Wapo wanaoniambia basi mwenye hofu ya Mungu hahitaji haya. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa seminari huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili akatoe hotuba fupi, na baadhi walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani walimpita mtu aliyejikunja mlangoni, anakohoa na kuguna. Kati ya walioambiwa wana muda, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kilichoamua ni haraka. Sasa zifikirie ofisi zetu wiki ya mwisho ya Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na kila karatasi inatakiwa jana.

Ndiyo maana darasani kwangu tunafanya mazoezi ya kusema. Mmoja anakuwa bosi, mwenzake anakuwa kijana wa fildi, na kijana anatafuta maneno yake mwenyewe. Yaliyonipendeza muhula uliopita ni haya: "Bosi, naomba nipite Mwanjelwa, Kabwe na Soweto leo hii, kabla ya saa nane zote tatu zitakuwa mezani kwako." Bosi hajavunjiwa heshima, hakuna aliyehubiriwa, na kama nia ilikuwa njema, profoma zimepatikana. Mara ya kwanza wanacheka na kuangalia chini. Ikifika mara ya tano, sauti inatulia. Wanaoliona hili kuwa la kitoto nawauliza kwa nini kwaya hukutana kila Alhamisi kuimba wimbo ambao wote wanaujua.

"Sheria haijakataza"

Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilifanyiwa marekebisho na takrima ya wagombea, yaani kuwakirimu wapiga kura, ikaruhusiwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka ile yote mgombea aliweza kugawa vya kugawa na kusema yuko ndani ya sheria. Huwauliza wanafunzi kama mpiga kura aliyekosa haki yake mwaka 2005 alianza kuikosa siku hukumu iliposomwa. Hawahitaji muda mrefu kujibu.

"Mkono mtupu haulambwi"

Methali hii naletewa kila mwaka kutetea bahasha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji pia. Kipimo changu ni kifupi. Kama ni zawadi, iandike kwenye daftari la matumizi, jina la aliyepewa na sababu. Mkono ukisita kuandika, umeshapata jibu.

"Tuna kanuni za maadili ukutani"

Kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha kanuni za maadili chenye kurasa 64, toleo la Julai 2000. Desemba 2001 ikaomba ufilisi. Mwenye mwongozo uliowekwa fremu ananiomba nimkague mwongozo. Mimi naomba kwanza nizungumze na dereva wake na mtunza stoo.

"Haya ni mambo ya makampuni makubwa"

Kwa hili sina maneno mengi, nawapeleka kwenye viazi. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tulikwenda na mzani sehemu magari ya viazi yanakopakia, tukaomba gunia moja la lumbesa, lile lililojazwa mpaka mdomoni kisha likaongezewa kichwa cha neti na kushonwa kwa kamba. Vijana wanne walilinyanyua. Mzani ukasoma kilo 128, na mkulima alikuwa amelipwa bei ya gunia moja. Wanafunzi wakakaa wakapiga hesabu kwenye simu zao, kilo 28 mara magunia ya gari zima. Binti mmoja ambaye karo yake inatoka kwenye biashara hiyo hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akamgeukia mnunuzi kwa adabu, "Shikamoo baba. Ukinunua kwa kilo, bado unapata faida?" Mzee alifikiri, akasema anapata, ila atawahiwa na wenzake. Tulirudi chuoni tukalijadili jibu hilo vipindi viwili, maana ni jibu la kweli na halina njia ya mkato. Wakaishia kuandika namna wanunuzi wa eneo moja wanavyoweza kukubaliana kupima pamoja, ili asiwepo wa kuwahiwa.

"Mtihani wa kuandika unatosha kupima"

Swali la "eleza maana ya maadili" linapima kumbukumbu, na aliyegongewa mihuri mitatu angelipata A. Muhula huu mtihani wangu ni wa kusimama na kuzungumza, dakika saba kwa kila mmoja, na bosi ni mimi.