Uso, Kanzu na Jua la Ikweta: Kuusoma Mwanga Kabla ya Kubonyeza

Mafunzo mengi ya upigaji picha yanayosomwa na vijana wetu hapa Kampala yameandikwa kwa jua la kwingine. Yanamwambia msomaji asubiri saa ya dhahabu, yaani kile kipindi cha asubuhi na jioni ambapo jua liko chini na mwanga wake ni laini wenye umanjano, kana kwamba kipindi hicho ni kirefu kila mahali. London, katikati ya majira ya baridi, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo mpiga picha wa huko, mawingu yakimruhusu, hupata mwanga wa ubavuni mchana kutwa. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambapo jua la Machi na la Septemba hupanda takriban wima, nyuzi 15 kwa saa, na tangu lichomoze hadi lifike nyuzi 6, ambapo saa ya dhahabu huhesabiwa kuisha, hupita dakika 24 tu. Ikikaribia saa saba mchana liko utosini, na hata Juni na Desemba halipungui nyuzi 65 wakati huo.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika kazi yangu ya kupiga picha za watu, hasa picha za sherehe, ambazo hazisubiri mwanga mzuri. Kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia ya binti, huanza wageni wanapofika, na mara nyingi hufika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mtu akisimama nje wakati huo, macho yake huzama katika vishimo vyeusi, kivuli cha pua humwangukia mdomoni, na paji la uso hung'aa hadi rangi yake ipotee. Kamera ya bei kubwa haiondoi kasoro hizo. Huzionyesha kwa ufasaha zaidi.

Dawa ninayoitumia zaidi ni baraza la nyumba yenye paa la bati. Ninamwomba mzee au mama asimame hatua moja tu ndani ya mstari wa kivuli, akitazama nje. Paa linazuia jua la juu, na ardhi iliyo mbele yake, ambayo inapigwa na jua, inamrudishia mwanga usoni kutoka mbele na chini kidogo, hivyo macho yanapata nuru na vivuli vinalainika. Hapo ni lazima kuitazama ardhi yenyewe. Sakafu ya saruji hurudisha mwanga usio na rangi nyingi. Murramu hurudisha wekundu unaoonekana wazi chini ya kidevu. Nyasi huleta ukijani ambao haumpendezi mtu yeyote. Nikikuta nyasi, hutandika shuka jeupe mbele ya miguu ya anayepigwa picha, nje kidogo ya fremu. Akirudi nyuma hatua tatu zaidi, mwanga huo unafifia na uso unakuwa bapa.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo la uso kwa njia ya mng'ao kuliko kwa njia ya kivuli. Mng'ao huo ukitoka kwenye chanzo kidogo, kama flashi iliyoko juu ya kamera, unakuwa madoa meupe kwenye pua na mashavu. Ukitoka kwenye chanzo kikubwa kilicho upande, kama mlango ulio wazi au dirisha pana, unatambaa taratibu kwenye shavu na kuuchora mfupa wake. Ndiyo maana ninapinga zile programu za simu zinazoifanya ngozi kuwa nyeupe. Zinafuta hasa kile ambacho mwanga mzuri ulikuwa umekichora.

Sasa tuje kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, kinachowachanganya wengi. Katika hali yake rahisi, kipimo hicho huchukulia kwamba kila kilichomo ndani ya fremu, kwa wastani, ni cha kijivu cha kati. Ukimpiga picha bwana mwenye uso mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, na kanzu ikajaza fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, kanzu inatoka kijivu na uso unapotea gizani. Msogelee bwana huyohuyo hadi uso wake ujaze fremu, nayo kamera inadhani mwanga ni haba, inauongeza, na uso unatoka umepauka kama wa mtu mwingine. Kwa hiyo ushauri unaosikika kila mahali, kwamba ngozi nyeusi daima iongezewe mwanga, ni nusu ya ukweli.

Mimi hupima kanzu yenyewe kwa kipimo cha nukta, kinachosoma sehemu ndogo tu ya fremu, kisha huongeza kati ya stopu moja na nusu na mbili (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili), ili weupe ubaki weupe na mishono ya rangi ya damu ya mzee iliyoko shingoni isomeke. Baada ya hapo hutazama histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia, kuhakikisha kwamba haijabanwa kwenye ukuta wa kulia. Anayetumia simu aguse uso kwenye kioo, kisha, kanzu ikiwa imeungua, yaani imegeuka weupe mtupu, ateleze kidole kushuka hadi nyuzi za kitambaa zionekane tena. Uso ukibaki na giza kidogo, unaweza kuinuliwa baadaye, mradi picha imehifadhiwa kama faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata: faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila rangi, ilhali JPEG ya kawaida ina 256.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi msituni Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako flashi hairuhusiwi mbele ya gorila na manyoya meusi ndani ya kivuli cha miti huidanganya kamera iangaze kupita kiasi. Punguza stopu moja, na weusi utarudi.

Kinachonisumbua kuliko jua ni mahema ya rangi. Turubai la bluu au la kijani humwaga rangi yake juu ya nyuso zote, na kwa kuwa pembeni mwanga wa mchana unaingia bila rangi hiyo, mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera unaorekebisha rangi ya mwanga, haiwezi kusahihisha pande zote mbili kwa pamoja. Siku hizi, ninapokubaliana na familia, huuliza rangi ya hema kabla ya kutaja bei, na huomba hema jeupe kwa wazazi na maharusi.

Ninapotafuta mwongozo hurudi kwa Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kufanya kazi zaidi kwa mwanga wa mchana uani, akitundika vitambaa vyenye maua nyuma ya wateja. Ukizitazama picha zake, tafuta mwanga unatoka upande gani na uso umegeuzwa kiasi gani, kabla ya kuvutiwa na mavazi.

Mwisho kuna karatasi. Kioo cha simu kilichoongezwa mwangaza hadi juu huzifanya picha zionekane nyangavu kuliko zitakavyochapishwa, na nyuso nyeusi ndizo huzama kwanza. Punguza mwangaza wa kioo hadi karibu nusu unapohariri, kisha chapisha picha moja ndogo na uitazame barazani, mchana, kabla ya kuagiza albamu nzima.