Meno ya mbele yasiyokutana: wanayoambiwa wazazi, na ukweli

Mwambie mtoto aume magego, kisha afunue midomo. Meno ya mbele ya juu yanapaswa kuyafunika kidogo yale ya chini. Kama hayagusani na ulimi unachungulia katikati, huo si mwanya wa urembo. Mtoto wa namna hii ukimpa chapati haikati kwa mbele. Huisogeza pembeni aichane kwa meno ya nyuma, na akisema "sasa" kithembe husikika.

"Ni ya kurithi, hakuna la kufanya." Wapo wanaorithi umbo la taya. Lakini kwa watoto wengi kuna kidole au chuchu bandia iliyonyonywa miaka mingi, ulimi unaosukuma meno kila wanapomeza, au nyama za puani zinazowalaza mdomo wazi. Mwenye nyama za puani amwone pia daktari wa masikio, pua na koo.

"Yakiota ya kudumu yatajipanga." Hujipanga mara nyingi iwapo mtoto ameacha kunyonya kabla hayajaota, yaani kabla ya miaka 6 au 7 hivi. Asipoacha, meno mapya nayo huzuiwa na kidole kilekile. Kung'oa ya utotoni hakusaidii kitu.

"Mpake pilipili, au shubiri." Hili linaniuma sana. Pilipili huishia machoni, na mtoto hujifunza kunyonya kwa kujificha. Wengi hunyonya wakisinzia au wakiwa na wasiwasi, kwa hiyo msifu siku aliyojizuia, na usiku mvishe soksi mkononi. Ikishindikana, na yeye mwenyewe akiwa tayari kuacha, daktari wa meno huweka kizuizi cha waya kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu. Kidole hakipati raha tena, ulimi nao haupenyi. Siku za mwanzo mate hujaa na maneno hukwama, kisha huzoea. Uwazi ukishafunga, kizuizi huachwa miezi kadhaa zaidi ili tabia isirudi.

"Waya za kupanga meno zikivuliwa, kazi imekwisha." Tatizo hili hurudi kwa urahisi kuliko mengi ya mpangilio wa meno. Ulimi ukiendelea kusukuma, meno yataachana tena, ndiyo maana mtoto hupewa mazoezi ya kumeza na kifaa cha kuyashikilia meno. Kabla hujalipia waya, muulize daktari chanzo ni nini na kama kimekoma. Akikwambia taya lenyewe limekua vibaya mno, huenda upasuaji ukahitajika, nao kwa kawaida husubiri mpaka mtoto amalize kukua.