Masika Uwanjani: Kabla ya Kuwasha Mashine, Pima Udongo

Masika yakikolea, watunza viwanja vya gofu hapa Tanga hutuuliza swali moja: maji yametuama, tufanyeje? Jibu letu huwaudhi wengi. Kwa leo, msifanye kitu. Fungeni uwanja.

Udongo una vijitundu vya kupitishia hewa. Maji yakivijaza, mizizi hukosa pumzi, kwani oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Hata hivyo ukoka ni nyasi sugu, na siku mbili tatu za kuloa haziuui. Kinachouumiza ni gurudumu la mashine na nyayo za wachezaji juu ya udongo mbichi. Vijitundu hubanwa, vikaziba, na mvua ijayo hutuama palepale hata ikiwa ya rasharasha. Hapo watu huilaumu mvua kwamba mwaka huu imezidi, kumbe udongo ndio umeshindiliwa.

Kupima hakuhitaji kifaa. Chimbua udongo kina cha kidole, ufinye kiganjani. Ukimeguka, ingiza mashine. Ukishikana kama tonge la ugali, subiri. Penye mchanga mwingi, kanyaga kwa kisigino uone kama maji yanachuruzika.

Uingereza mvua nyingi huwakuta kwenye baridi, na joto likishuka chini ya nyuzi 6 hivi nyasi karibu hazikui. Alama ya gurudumu ya Desemba huweza kubaki hadi machipuko, ndiyo maana wengine hutenga grini za muda (grini ni sehemu ya nyasi fupi yenye shimo la mpira) ili zile za kudumu zipumzike. Kwetu kazi imegeuka: joto lipo, maji yapo, ukoka unapanda kila kukicha na mashine haiwezi kuingia. Jua likitoka, mtu hufyeka zote hadi chini kwa hasira ya wiki nzima. Usifanye hivyo. Kata theluthi moja tu ya urefu, rudia baada ya siku chache, na uzoe majani yaliyolala kwa mafungu kabla hayajaoza. Kwenye grini, pandisha kisu kidogo, maana mawingu hupunguza mwanga na ukoka haupendi kivuli.

Mbolea ya urea iache stoo mvua kubwa inapokaribia. Sehemu yake itaishia mtaroni, na nyasi zilizonenepeshwa kwa naitrojeni huwa laini, chakula kizuri cha kuvu.

Kazi kubwa ilipaswa kufanyika Januari na Februari: kuzibua mitaro, kutoboa ardhi kwa uma wa bustani na kujaza matundu kwa mchanga safi wa mtoni. Wa ufukweni uko karibu na hauna gharama, lakini una chumvi.

Kama mwaka huu umechelewa, angalau ondoa madimbwi kwa pampu, ukisimama pembeni. Dimbwi likikaa wiki moja au mbili, viluwiluwi vya mbu vimeshapata mbawa.